Mafuta ya mbegu jikoni Bukavu: namna ya kuyapika ili mwili uyafaidi

Lengalenga iliyochemshwa kwa maji na chumvi peke yake ina karotini nyingi, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, lakini sehemu kubwa ya karotini hiyo hutoka na choo. Mboga haina kosa. Karotini haiyeyuki katika maji, inayeyuka katika mafuta, na utumbo hauna njia nyingine nzuri ya kuipokea. Vitamini A, D, E na K nazo zinafuata sheria hiyo hiyo. Tia kijiko kimoja cha mafuta katika sahani ile ile, na majani yaliyonunuliwa kwa pesa zile zile yanaanza kuyafaa macho na ngozi ya mtoto.

Tunawaandikia watu wa Bukavu wanaopika kila siku, wengi wao wakinunua mafuta kidogo kidogo na kuyatazama yakiisha kabla ya mwezi. Mafuta tunayoyasema ni ya mbegu: alizeti, soya, karanga, ufuta na mbegu za maboga. Mawese yataingia pia, maana hakuna jiko la Kivu lisilo nayo. Tunaamini hivi: mafuta kidogo katika kila mlo, yakitiwa kwa wakati wake, yanamjenga mtu kuliko sufuria ya kukaangia ya Jumapili.

Mafuta yanavyosagwa mwilini

Mafuta yote ya kula, ya chupa na ya kinu, yana umbo moja: asidi za mafuta tatu zimeshikamana na gliseroli moja. Umbo hilo ni kubwa mno kupenya ukuta wa utumbo, kwa hiyo lazima livunjwe kwanza. Kazi inaanza kidogo mdomoni na tumboni, lakini sehemu kubwa inafanyika mwanzoni mwa utumbo mwembamba.

Mafuta yakifika hapo, ukuta wa utumbo hutoa homoni iitwayo kolesistokinini. Homoni hiyo hubana kibofu cha nyongo kimwage nyongo, huamsha kongosho itoe vimeng'enya vya kuvunja chakula, na hupunguza kasi ya tumbo kumwaga chakula. Ndiyo sababu bugali na mboga yenye mafuta hukaa tumboni muda mrefu kuliko bugali na mboga kavu. Ndiyo sababu pia mtu aliyekula mafuta mengi kwa mara moja huhisi mzito na kichefuchefu: tumbo limefunga breki.

Nyongo yenyewe haivunji mafuta. Inayagawa kuwa matone madogo sana, kama sabuni inavyofanya kwenye sahani ya mawese, ili kimeng'enya cha kongosho kiitwacho lipase kipate pa kushika. Lipase hung'oa asidi mbili za pembeni na kuiacha ya katikati kwenye gliseroli. Vipande hivyo hukusanyika pamoja na nyongo katika vifurushi vidogo viitwavyo miseli, na ndani ya vifurushi hivyo hupanda karotini na vitamini A, D, E na K mpaka ukutani. Mlo usio na mafuta hautoi vifurushi vya kutosha, na karotini hukosa wa kuibeba hata kama sahani imejaa majani.

Ndani ya seli za utumbo, vipande huungwa tena kuwa mafuta, hufunikwa na protini, na kuingia katika mishipa ya limfu, si katika damu moja kwa moja. Huingia kwenye damu baadaye, karibu na shingo. Nyongo nayo haipotei: karibu asilimia 95 yake hufyonzwa tena mwishoni mwa utumbo mwembamba na kurudi kwenye ini kutumika upya, mara kadhaa kwa siku.

Mtu mzima mwenye afya hufyonza asilimia 95 au zaidi ya mafuta anayoyala. Kwa hiyo ukisikia kwamba mafuta fulani ya kula "hayaingii mwilini", au kwamba mawese yakiganda asubuhi ya baridi yataganda tumboni pia, usiamini. Joto la mwili ni nyuzi 37, na kwa joto hilo karibu mawese yote yamekwisha kuyeyuka. Tofauti ya chupa na chupa iko katika kile mafuta yanachobeba. Na kwa mbegu kuna swali la pili: je, mafuta yametoka ndani ya mbegu, au bado yamefungwa?

Karanga nzima, karanga ya kinu

Karanga ina mafuta karibu nusu ya uzito wake, ufuta vivyo hivyo, na mbegu za maboga zilizomenywa hazipo mbali. Soya ina kama asilimia 20. Lakini mafuta hayo yamo ndani ya seli zenye kuta ngumu ambazo vimeng'enya vyetu haviwezi kuzisaga. Meno yakiacha vipande, vipande vinapita na mafuta yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 1980 ulipima jambo hili kwa karanga: waliokula karanga nzima walitoa chooni karibu asilimia 18 ya mafuta waliyokula, waliokula karanga zilizosagwa kuwa siagi walitoa asilimia 7, na waliokula mafuta ya karanga walitoa asilimia 4.5. Karanga ni zile zile, kinu ndicho kilicholeta tofauti.

Kwa mtu mzima mwenye meno, hasara hiyo si kubwa. Kwa mtoto na kwa mzee asiye na magego ni kubwa, na tena karanga nzima inaweza kumpalia mtoto aliye chini ya miaka 5. Wao wasagie, laini kabisa, mpaka mafuta yaanze kung'aa juu ya siagi.

Kabla ya kusaga, chambua. Hapa tunaomba usione uvivu. Karanga iliyosinyaa, yenye doa jeusi, yenye unga wa kijani au kijivu, au chungu mdomoni, huenda ina sumu ya ukungu iitwayo aflatoksini. Kukaanga hakuiondoi, kuchemsha hakuiondoi, na kidogo kidogo kwa miaka huharibu ini na kuleta saratani yake. Mimina karanga juu ya ungo mahali penye mwanga, zisogeze kwa kiganja safu moja moja, na utoe mbaya zote. Usiwape kuku. Karanga za bonde la Ruzizi zikipanda Bukavu wakati wa mvua hufika na unyevu: zianike tena mpaka ukizitikisa zilie kavu, ndipo uzihifadhi, na gunia lisiguse sakafu.

Ukitaka kukamua mafuta ya karanga nyumbani bila mashine, chukua kilo 2 zilizomenywa na kuchambuliwa. Zikaange kwa moto wa makala (makaa) machache, ukikoroga bila kuacha, mpaka ganda jembamba litoke ukilisugua na ndani pawe na rangi ya maziwa yenye chai kidogo. Zikifika kahawia iliyokolea umezidisha: mafuta yatakuwa machungu na yataharibika mapema. Pepeta maganda, saga laini zikiwa bado za moto. Kisha tia maji ya moto, si yote pamoja, bali kijiko kimoja kimoja cha mezani, ukikanda kwa mkono au mwiko kwa nguvu. Jumla ni mililita 100 hadi 150 kwa kila kilo. Maji yananyonywa na protini ya karanga, protini inashikana kuwa donge, na mafuta yanasukumwa nje. Utayaona yakitoka pembeni ya donge, kwanza kama jasho, halafu kama kijito chembamba. Endelea kukanda na kukamua. Nusu lita kwa kilo 2 ni kazi nzuri, zaidi ya hapo mkono hauwezi.

Linaloharibu kazi hii mara nyingi ni maji mengi kwa haraka. Donge likigeuka uji mweupe, mafuta yamechanganyika na maji na hayatajitenga kwa kukanda. Usitupe: huo ni mchuzi mzuri wa sombe, majani ya muhogo. Mafuta uliyoyapata yarudishe kwenye moto mdogo mpaka yaache kupasukapasuka, maana sauti ile ni maji yanayotoka, na maji yakibaki mafuta yanaoza. Chuja kwa kitambaa safi, acha yatulie usiku mzima, mimina ya juu kwenye chupa kavu. Makapi bado yana protini nyingi na mafuta: tia katika mboga au uji ndani ya siku 2. Na kwa kuwa aflatoksini hubaki zaidi katika makapi kuliko katika mafuta, unaona kwa nini kuchambua kulitangulia.

Sokoni

Kadutu au Nyawera, chupa zilizopangwa juani mbele ya meza huvutia macho, lakini mwanga ndio adui mkubwa wa mafuta ya soya na alizeti. Unavunja vitamini E, unavunja vitamini A iliyoongezwa kiwandani, na kuanzisha uchachu. Omba chupa iliyo ndani ya katoni. Kama unanunua ya kupimiwa kutoka bidoni, omba kunusa kwanza. Mafuta mazuri ya alizeti ambayo hayajasafishwa hunuka mbegu. Yaliyochacha hunuka rangi ya mlango au karanga za mwaka jana, na tone moja ulimini hukwaruza koo. Mafuta yaliyochacha huharisha wengine, na hata asiyeharisha anapata mafuta ambayo vitamini E yake imekwisha.

Soma karatasi ya chupa. Ikiandikwa "huile végétale" (mafuta ya mimea) bila jina la mbegu, mara nyingi ni mawese yaliyosafishwa na kuondolewa rangi. Yakikaa siku kadhaa katika baridi ya Bukavu yanaweza kuweka wingu jeupe chini, wakati alizeti hubaki angavu. Si mabovu, na kwa kukaangia ni mazuri kuliko soya. Ila yana asidi linoleiki kidogo, kama asilimia 10 tu, na alizeti ya kawaida au soya yana nusu au zaidi. Mwili unaihitaji asidi hiyo lakini hauwezi kuitengeneza, wala nyingine iitwayo alfa-linoleniki, ambayo soya inayo kama asilimia 7 na alizeti karibu haina. Kwa nyumba yenye watoto na uwezo wa chupa moja tu, sisi tungechukua soya. Ufuta na karanga ni tamu, lakini kwa alfa-linoleniki si mbadala.

Mafuta ya pamba yanunuliwe yaliyosafishwa kiwandani tu, kwa sababu mbegu ya pamba ina gosipoli, ambayo ni sumu. Mafuta ya nyonyo si chakula: yanasukuma matumbo yaharishe, na mbegu yake ina risini, sumu kali. Mtu asikuuzie kama dawa ya kusafisha tumbo la mtoto.

Mawese mekundu hukamuliwa kwenye nyama ya tunda la ngazi (mchikichi), na mafuta ya mise ndiyo ya kokwa. Mise haina karotini. Hayo ni ya sabuni zaidi kuliko ya sahani. Mawese mabichi yenye rangi kali yana takriban miligramu 2 hadi 3 za karotini katika kijiko kimoja cha chai, tena zimekwisha kuyeyuka katika mafuta, kwa hiyo mwili huzichukua kwa urahisi. Kwa hesabu ya wataalamu wa lishe, inahitajika karotini ya beta mara 12 kutoka kwenye mboga kupata vitamini A sawa, lakini mara 2 tu ikiwa tayari imeyeyuka katika mafuta. Ndiyo maana inatuuma kuona mawese yakichomwa juu ya mbabula mpaka yawe meupe. Rangi inayopotea ile ndiyo vitamini yenyewe. Ladha kali ikikusumbua, yapashe mpaka yayeyuke, tia kitunguu, na uishie hapo.

Kiasi na wakati

Ili karotini ya mlo ifyonzwe vizuri, gramu 3 hadi 5 za mafuta kwa mtu mmoja zinatosha. Hicho ni kijiko kimoja cha chai kilichojaa, mililita 5. Mtu mzima anayefanya kazi anaweza kula kijiko kimoja cha mezani, mililita 15, kwa sababu ya nguvu pia: gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9, na ya wanga au protini 4. Kijiko cha mezani kinatoa karibu kilokalori 120.

Kwa nyumba ya watu wazima wawili na watoto wanne, hesabu ni hii: vijiko 2 vya mezani na vijiko 4 vya chai, jumla mililita 50 kwa sufuria. Milo miwili kwa siku ni mililita 100, na mwezi mzima ni lita 3. Tafuta kikombe kidogo au kizibo cha chupa, kipime mara moja kwa kijiko, ukiweke alama na ukitumie kila siku. Kumimina moja kwa moja kutoka chupani ndiko kunakomaliza mafuta tarehe 18.

Siku ambayo mafuta hayapo, avoka inafanya kazi ile ile. Nyama yake ina karibu asilimia 15 ya mafuta, kwa hiyo kipande cha gramu 30, kama robo ya tunda la wastani, kina mafuta ya kijiko kimoja cha chai. Iliwe pamoja na mboga, katika sahani moja. Avoka ya saa 4 haiwezi kubeba karotini ya lengalenga ya saa 9.

Wakati wa kutia mafuta unategemea mboga. Lengalenga, majani ya maboga na ya maharage hayataki moto mrefu: dakika 5 hadi 10, sufuria ikiwa imefunikwa, maji kidogo. Kata robo ya mafuta ukaangie kitunguu na nyanya, na robo tatu zilizobaki tia mwishoni, koroga, epua. Mafuta yaliyotiwa mwishoni yanabaki na vitamini E yake na harufu yake, na yanafika sahani zote kwa usawa. Karoti, boga na kiazi kitamu cha rangi ya chungwa vichemshe mpaka vilainike, uviponde na mafuta: kuponda kunapasua seli, kama tulivyosema kwa karanga.

Sombe ina sheria yake, na hapo usalama unatangulia vitamini. Majani ya muhogo yana sianidi. Yatwange sana, acha yaliyotwangwa yakae kidogo kabla ya kuyapika, kisha yachemshe bila mfuniko kwanza, ili sumu itoke na mvuke. Kwa urefu wa Bukavu, karibu mita 1,500 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100, kwa hiyo usifuate dakika za mtu wa pwani, ongeza. Siagi ya karanga ukiitia mapema huzama, hushika chini na kuungua. Itie nusu saa ya mwisho, ikiwa imekorogwa kwanza katika maji ya moto, na mafuta ya soya au mawese dakika 10 za mwisho. Kutwanga ndiko kunakofanya sombe kuwa mboga bora kwa karotini, usikubali iliyokatwakatwa tu.

Mafuta hayasaidii madini ya chuma. Chuma ya mboga na maharage inataka vitamini C: kamua ndimu au kula nyanya mbichi pamoja na chakula, na chai isogezwe mpaka saa moja baada ya chakula.

Uji wa mtoto

Kuanzia miezi 6, mtoto anayenyonya anahitaji chakula cha ziada chenye kilokalori 200 hivi kwa siku, 300 akifika miezi 9, na 550 kuanzia mwaka mmoja. Tumbo lake ni dogo na uji mwepesi ni maji mengi. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya soya katika bakuli la uji kinaongeza kilokalori 40 bila kuongeza ujazo, na kinaulainisha ule uji mzito anaoukataa. Maziwa ya mama yenyewe hutoa karibu nusu ya nguvu yake kwa mafuta, na yana lipase yake, inayomsaidia mtoto ambaye kongosho lake bado ni changa. Kwa hiyo usiogope mafuta, wala usiyazidishe. Vijiko 3 vya mafuta katika bakuli moja vinamshibisha bila kumpa protini wala zinki, na mtoto ananenepa uso tu.

Ukipika uji wa masoso (mahindi, soya na mtama), hakikisha soya ilichemshwa nusu saa nzima au ilikaangwa vizuri kabla ya kusagwa. Soya mbichi ina kizuizi kinachofunga kimeng'enya cha kusaga protini, na dalili yake ni mtoto mwenye gesi, kuharisha na uzito usiopanda. Mafuta yatiwe uji ukishaepuliwa, ukikorogwa mpaka macho ya mafuta juu yapotee. Macho yakibaki, mtoto wa kwanza kunywa atapata mafuta yote.

Mtoto akiharisha, maji ya chumvi na sukari ya pakiti kwanza, kunyonya kusikome, na chakula kiendelee. Kijiko kimoja hadi viwili vya chai vya mafuta katika uji wake vinaruhusiwa na vinafaa, kwa sababu anahitaji nguvu.

Kukaanga

Kwa sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, tumia mafuta yaliyosafishwa. Yale ya kinu huanza kutoa moshi mapema, na moshi ni alama kwamba yanavunjika. Kipande cha kitunguu kikitiwa kikatoa povu dogo mara moja, moto unatosha. Baada ya kukaanga, chuja, funika, weka gizani, na usiyachanganye na mapya. Yakitoa povu lisilokufa, yakinata vidoleni au yakifuka mapema, yamwage. Mafuta ya jana ya sambaza yasiingie katika uji wa mtoto.

Yakipita bila kufyonzwa

Choo kinaeleza. Choo kingi, cha rangi iliyofifia, chenye kung'aa, kinachoelea, kinachonuka vikali na kuacha utando wa mafuta juu ya maji ni mafuta yasiyofyonzwa. Mara moja baada ya sherehe si neno. Kikiendelea wiki mbili, nenda kituo cha afya na uombe kipimo cha choo. Mdudu aitwaye giardia, anayeingia kwa maji machafu, huharibu ukuta wa utumbo na ni sababu ya kawaida kwa watoto, ana dawa. Sababu nyingine ni kongosho iliyochoka, mara nyingi kwa pombe ya miaka mingi, au ugonjwa wa mwisho wa utumbo mwembamba, ambapo nyongo hairudi.

Macho ya manjano, mkojo wa kahawia na choo cheupe kama udongo ni njia ya nyongo iliyoziba: hospitali siku hiyo hiyo. Maumivu chini ya mbavu za kulia saa moja au mbili baada ya chakula cha mafuta huenda ni mawe katika kibofu cha nyongo. Aliyeondolewa kibofu hicho anaweza kula mafuta, ila agawe: kijiko cha chai katika kila mlo, si yote jioni, kwa sababu nyongo yake sasa inadondoka kidogo kidogo mchana kutwa bila ghala.

Mtoto aliyevimba miguu yote miwili, au ambaye mkanda wa kupimia mkono unaonyesha chini ya milimita 115, asitibiwe kwa mafuta nyumbani. Kongosho na utumbo wake vimedhoofika, na chakula kizito cha ghafla kinaweza kumuua. Akilazwa, maziwa ya matibabu ya mwanzo huwa na mafuta machache kwa makusudi. Pakiti za siagi ya karanga huja baadaye, na zile si karanga za kinu: zimeongezwa maziwa, vitamini na madini kwa kipimo. Usijaribu kuziiga.

Dawa ya malaria na kijiko cha karanga

Lumefantrini, iliyomo katika vidonge vya artemeta-lumefantrini, hufyonzwa pamoja na mafuta. Ikimezwa kwa maji matupu na mgonjwa asiyekula, kiasi kikubwa chake hupita, na malaria inaweza kurudi ingawa vidonge vyote vimemezwa. Mgonjwa mwenye homa hataki chakula, na hailazimu ale sahani: gramu 1 au 2 za mafuta zinasaidia sana. Kijiko kimoja cha chai cha siagi ya karanga kina zaidi ya gramu 2. Kikoroge katika uji mwepesi wa vuguvugu, anywe nusu kikombe, ameze vidonge, amalize kikombe. Fanya hivyo katika dozi zote 6 za siku 3, pamoja na ile ya saa 8 baada ya ya kwanza, ambayo wengi huisahau kwa sababu ya usingizi. Akitapika kabla ya saa moja kwisha, arudie dozi hiyo, na urudi kituoni kuomba vidonge vya kufidia. Maelekezo haya ni ya dawa hiyo peke yake. Ukiandikiwa nyingine ya malaria, muulize muuguzi kabla ya kuitia na mafuta, kwa sababu artesunati-amodiakwini haitakiwi kumezwa na mlo wenye mafuta mengi.